Kikombe cha Krotoni

Nilipotoka Kitale nilibeba krotoni kwenye kopo la rangi: majani mekundu, ya manjano, ya kijani. Mmea wa Asia yenye mvua, sasa uko dirishani Lowarengak. Ukikosa maji unaangusha majani. Ya Ziwa Turkana yana magadi, kwa hivyo nauchotea kikombe kwenye mtungi wa lita 20 ambao mama jirani huniletea kichwani kwa pesa kidogo.

Juzi akauliza, “Huu unazaa nini?”

“Rangi tu, mama.”

Akacheka, akautazama kitambo.

Nilimlipa, sawa, lakini shingo ni yake. Huko nje waridi la jangwani linachanua bila kumtuma mtu. Huu je? Haukuomba kuja, niliuleta mimi. Siku hizi unakunywa maji niliyonawia uso, nami nanawa bila sabuni.