Hata Mahindi Huita Msaada



Kiwavi akitafuna jani la mahindi, mate yake mwenyewe ndiyo yanamchongea. Mmea unayatambua, na baada ya saa chache unatoa harufu ya pekee. Nyigu wadogo wanaifuata hadi kwa kiwavi na kutaga mayai mwilini mwake. Tena si jani lililoliwa tu: hata majani mazima ya mmea huo yanatoa harufu hiyo. (Mtume Paulo na vile viungo vya mwili mmoja, mnakumbuka?)

Sasa wewe, unatafunwa na kamari ya simu tangu Kwaresima, na kwenye jumuiya ukiulizwa unajibu, "Niko poa."

Jumamosi saa kumi padre anakaa kitubioni. Mimi pia nitakuwa kwenye foleni.