Tsunami: Nani katupa ukadhi juu ya waliozama?

Desemba 26, 2004, tetemeko liliinyanyua sakafu ya bahari karibu na Sumatra, maji yaliyokuwa juu yake yakasukumwa. Wimbi lililokwenda kasi ya ndege kwenye kina kirefu lilipunguza mwendo lilipokaribia ufukwe, likapanda juu. Banda Aceh ni tambarare, hivyo maji yaliingia kilomita kadhaa mjini.

Walikufa zaidi ya watu 220,000 katika nchi mbalimbali, wengine hapa kwetu Tanzania. Wapo waliosema watu wa Aceh wameadhibiwa. Nauliza: watoto wachanga walikuwa na dhambi gani? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu aliyekufa maji ni shahidi. Ukadhi huo tumeupata wapi?

Simeulue, kisiwa kilicho karibu zaidi na tetemeko, walikufa watu saba tu. Wazee walikuwa wamewasimulia vijana wimbi la mwaka 1907: ardhi ikitikisika na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani. Hawakuwa wachamungu kuliko jirani zao, walirithishwa elimu.

Ndugu msomaji, badala ya kuwahesabia marehemu dhambi, tujiulize sisi wa pwani: watoto wetu tumewasimulia nini?