Ujirani na Haki ya Kukataa

Je, watu wakaao mahali pamoja wana haki ya kukataa jambo lililoamuliwa na wakubwa juu ya mahali pao? Na kama wanayo, haki hiyo yaishia wapi? Twaliuliza swali hili kwa sababu miji yetu inapanuka, na kila upande zinapimwa ardhi za kujenga makazi mapya, aghalabu kabla wenyeji hawajasikia habari.

Katika nchi ya Upare swali hili lina historia. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka milimani wakakusanyika Same, makao ya wilaya, kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Kodi hiyo iliongezwa juu ya ile ya kichwa, kwa kukadiria mali ya kila mtu. Walikaa hapo majuma mengi, na mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakajitokeza kudai shauri hilo likatwe. Mwaka 1947 mbiru ikaondolewa. Ndugu msomaji, tuzingatie jambo moja: watu wale walikuwa tayari kulipa kodi ya kiwango kimoja. Walichokikataa ni kupimwa kwa kipimo wasichokielewa, katika shauri ambalo hawakuulizwa.

Jirani zao Wameru walipatwa na mkasa mzito zaidi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akalifikisha shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa.

Basi tuyapime makazi mapya kwa mizani hiyo. Miteremko ya Upare ina kazi zake hata pale ambapo mpimaji haoni kitu. Kuna mifereji, na kuna ndiva zinazokusanya maji ya mashamba, ambayo wakulima hugawana kwa zamu na kuzitengeneza kwa msaragambo. Anayejenga juu ya mfereji amewanyima maji watu wa bondeni asiowajua hata kwa majina. Anayekata miti ya mteremko awahatarisha walio chini yake. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka katika kijiji cha Goha, wilayani Same, ukafukia nyumba pamoja na waliokuwa wamelala ndani. Mwenyeji ajuaye njia ya maji asiposema, atakayeangamia ni mgeni.

Lakini hapa hatuna budi kujihadhari. Yuko kijana aliyeoa na hana pa kulaza watoto. Yuko mwalimu aliyehamishiwa wilayani asiye na ndugu wala kihamba. Hao wataka nyumba, na haja yao ni ya haki. Mwenye nyumba tayari anaweza kuuita uchoyo wake utamaduni, na kuificha chuki ya kabila nyuma ya mti wa mababu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakumpa mwenyeji ruhusa ya kufunga mlango.

Tutatofautishaje, basi, ulinzi na uchoyo? Twaona alama mbili. Ya kwanza, tunachokilinda kiwe chamfaa hata yule aliyehamia jana: maji hunywewa na wote, lakini mandhari ya dirisha letu ni yetu peke yetu. Ya pili, anayekataa ataje atakachokubali. Asemaye “msijenge hapa” aonyeshe pa kujenga, kama Wapare walivyotaja kodi watakayoilipa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika ugawaji wa ardhi yake. Sauti hiyo ni bure iwapo watu hawahudhurii, au wakihudhuria ili wagonge muhuri tu. Penye wengi hapaharibiki neno, mradi hao wengi wameulizwa mapema, na kila mmoja amemkumbuka jirani ambaye bado hajafika.