Baka Jeupe na Haki ya Mmea

Violeti ya Usambara yenye majani ya mabaka meupe huibua swali la maadili: je, ni halali kuutunza upungufu wa kiumbe kwa sababu unapendeza macho? Sehemu nyeupe ya jani haina umbijani, kwa hiyo haijitengenezei chakula. Hulishwa na sehemu ya kijani. Mche uliotoka mweupe mtupu haudumu.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Usambara, aliupeleka mmea huu kwao. Mabaka yalikuja baadaye, mikononi mwa wakuzaji. Ndugu zake wa msituni ni wa kijani, na misitu yao inazidi kukatwa.

Mbeya na Iringa, baridi ya Juni na Julai huongeza weupe: mmea hupendeza zaidi wakati uleule unapodhoofika. Usiku chungu huondolewa karibu na kioo cha dirisha. Maji hutiwa yakiwa vuguvugu, kwenye udongo tu, kwani ya baridi huacha madoa kwenye majani. Mwanga uwe mwingi kuliko ule wa violeti ya kijani, ila si jua la mchana. Mbolea yenye naitrojeni nyingi hufifisha mabaka.

Aristotle aliupa mmea nafsi ya kujilisha, kukua na kuzaa; kwa kipimo hicho baka ni hasara. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969, alieleza kwamba fikra za Kiafrika humweka binadamu katikati, mimea ikiwa mazingira na riziki yake. Hapo ruhusa ipo, lakini haijitoshelezi. Katika Mwanzo, Adamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza. Katika Kurani binadamu ni khalifa, mwenye kuulizwa juu ya amana. Basi anayeutaka weupe amejitwika deni, naye hulilipa kwa mwanga, joto na uangalizi wa kila siku. Anayeupenda uzuri huo akauacha mmea gizani amedhulumu.

Deni la okidi za Kitulo, uwanda ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu na uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, halilipiki hivyo. Viazi vya okidi hizo huchimbwa kwa ajili ya chikanda inayoliwa Zambia, na hata anayeing'oa okidi ili aipande nyumbani huiondolea kitu asichoweza kuirudishia. Okidi hiyo haikuwa na upungufu, na kuvu wa udongoni wanaoilisha mbegu yake ichipue hawahamishwi kwa jembe.