Mtoto Aliyemshtaki Mama Yake

Kisa hiki ni cha kweli, na aliyekitoa hadharani ni mhusika mwenyewe. Zhang Hongbing alikuwa kijana wa miaka 16 wilayani Guzhen, mkoa wa Anhui, nchini China. Februari 1970 yalizuka mabishano nyumbani kwao. Mama yake, Fang Zhongmou, alimlaumu Mwenyekiti Mao Zedong kwa kukubali kuabudiwa, akamtetea Liu Shaoqi, rais aliyekuwa ameangushwa. Kijana akaandika barua ya kumshtaki na kutaka apigwe risasi. Akaisukuma barua hiyo chini ya mlango wa ofisa wa jeshi, pamoja na beji yake ya Walinzi Wekundu, kundi la vijana wafuasi wa Mao. Baba naye akaenda kushtaki.

Mama alipokamatwa na kufungwa kamba, mtoto alisikia bega la mama likialika. Aprili mwaka huo mama aliuawa kwa risasi. Mwaka 1980 mahakama ikatamka kwamba hakuwa na hatia.

Tusiharakishe kusema kijana alikuwa na roho ya kinyama, maana dalili zilikuwepo muda mrefu na hakuna aliyezijali. Mwaka 1966, Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza, yaani kampeni ya Mao dhidi ya waliodaiwa kuwa maadui wa ukomunisti, alijibadilisha jina alilopewa na wazazi ili lilingane na mapinduzi. Mwaka huohuo dada yake alisafiri hadi Beijing kumwona Mao, akaugua homa ya uti wa mgongo, akafariki. Baba akatuhumiwa kufuata njia ya ubepari, akadhalilishwa kwenye mikutano, na mkewe akasimama naye. Kwa hiyo usiku wa mabishano Fang hakuwa akibishana siasa za vitabuni. Alikuwa mama aliyefiwa. Lakini alipotishia kuzishusha picha za Mwenyekiti ukutani, waliomo ndani waliziona picha, hawakuuona msiba wake. Hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote: nyumba ilikuwa imeacha kuuliza mtu ameumia wapi, ikabaki kuuliza yuko upande wa nani.

Mwaka 2013 Zhang, akiwa mzee na mwanasheria, aliungama mbele ya taifa. Aliomba pia kaburi la mama yake litambuliwe rasmi kuwa mahali pa kihistoria, akafika hadi mahakamani, lakini hakufanikiwa. Wapo waliomshukuru kwa ujasiri wake, na wapo waliomlaumu kwa kufukua yaliyokwisha.

Mgawanyiko kama huo juu ya Mao ndio hali ya China hadi leo. Mwaka 1981 Chama cha Kikomunisti kilitamka kwamba mchango wa Mao unatangulia na makosa yake yanafuata. Picha yake ingali Tiananmen, na sura yake iko kwenye noti. Kila mwaka watu humiminika Shaoshan, kijijini alikozaliwa, wakaweka maua na kuinamisha vichwa. Wengi wao wanakumbuka nchi iliyosimama kwa miguu yake, na wengine wamechoshwa na pengo la matajiri na maskini. Wakati huohuo wapo wazee wasioweza kusahau njaa ya 1959 hadi 1961, iliyoua mamilioni ya watu. Watu wa pande zote mbili wanaweza kula meza moja, babu na mjukuu, na wote wakawa na la kusema.

Nasi huku tusijitoe. Mwaka huohuo wa 1970 Wachina walianza kujenga nasi Reli ya TAZARA, ya Tanzania na Zambia, na wengi wetu tumelelewa tukilitaja jina la Mao kwa shukrani. Shukrani hiyo ni halali, ila haiwezi kumfuta machozi aliyefiwa Anhui. Mimi pia nina viongozi niwapendao, na nikisikia wakikosolewa damu hunichemka. Hapo ndipo penye hatari, kwangu na kwako.

Basi tumsifu kiongozi kwa mema yake bila kuogopa kutaja mabaya yake. Mtoto akianza kupima mapenzi ya wazazi kwa utiifu wao kwa mtu aliye kwenye picha ukutani, tusimpigie makofi. Tumketishe tuzungumze naye. Na mzazi, mke au jirani akitamka neno zito juu ya yule unayemheshimu, usikimbilie kumjibu wala kumshtaki. Muulize kwanza amepatwa na nini. Fang Zhongmou hakuulizwa.