Betri Itamfia Nani?

Huku Murera, ukitaja tu kwamba unatafuta gari, swali la kwanza huwa ni moja: inakula mafuta aje? Anayeuliza anaweza kuwa jirani, kijana wa boda pale steji, au mjomba ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Swali la pili ni bei. La tatu ni kama spea zinapatikana Grogan. Nimekuwa nikitafuta gari kwa miezi kadhaa sasa, gari la haibridi la bei ninayoweza, na bado sijasikia mtu akiuliza swali ambalo naona ndilo zito kuliko yote: betri ikifa, itamfia nani?

Watu hawaulizi kwa sababu jibu liko tayari, na karibu kila mtu analijua. Nimepewa ushauri ule ule na watu wasiojuana: "Chukua Aqua, itumie miaka mitatu, ikianza kusumbua mwachie mwingine." Inasemwa kwa upole, kama wosia wa mzee. Na kwa upande wa hesabu, ni ushauri mzuri. Ninachouliza ni kama ni halali.

Tuelewane kwanza kuhusu neno "mpya". Kwa lugha ya yadi za magari, gari mpya ni gari ambalo halijawahi kukanyaga barabara ya Kenya. Mengi ya magari hayo yametumika Japani. Kanuni ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, inataka gari linaloingia nchini lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo Aqua inayong'aa yadini, plastiki bado kwenye viti, namba ikianza na KD, inaweza kuwa tayari imempeleka mtu kazini kwa miaka 7 kule Osaka. Magari mapya ya kweli yapo. Desemba 2016 Volkswagen ilianza kuunganisha Polo Vivo katika kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers pale Thika, karibu kabisa na hapa kwetu. Lakini simama dakika tano kwenye daraja la Thika Road uhesabu magari yanayopita chini yako, utaona wengi wetu tulinunua nini.

Sababu ya kutaka haibridi haihitaji maelezo marefu kwa mtu anayeishi huku na kufanya kazi mjini. Kila tarehe 14 ya mwezi tunangoja EPRA itangaze bei ya mafuta kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Septemba 2023 lita moja ya petroli Nairobi ilivuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza, ikafika 211.64, na mwezi uliofuata 217.36. Baadaye ilishuka, lakini hofu haikushuka nayo.

Haibridi yenyewe imeundwa kana kwamba aliyeibuni aliwahi kukwama Githurai. Ndani yake kuna injini ya petroli na mota ya umeme. Haichomekwi kwa stima. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Ukisimama, injini inazima, na gari linaweza kusogea mita chache kwa umeme mtupu. Kwenye barabara wazi faida ni ndogo, kwa sababu hakuna breki nyingi za kuvuna. Kwenye msongamano wa Roysambu, Allsops na Pangani, kanyaga-achilia-kanyaga, ndipo inapookoa pesa.

Nimepiga hesabu yangu. Tuseme kilomita 60 kwa siku, kwenda na kurudi, siku 22 kwa mwezi: kilomita 1,320. Gari la kawaida likienda kilomita 12 kwa lita kwenye jam, linakunywa lita 110. Haibridi ikienda kilomita 20 kwa lita, inakunywa lita 66. Tofauti ni lita 44, na kwa shilingi 180 kwa lita hiyo ni shilingi 7,920 kila mwezi. Kwa kijana anayelipa nyumba na anayetuma kitu nyumbani, hiyo si pesa ya kuchezea.

Sasa betri. Ile ya Aqua ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 2011, imekaa chini ya kiti cha nyuma. Ina vipande 20 vilivyounganishwa mstari mmoja, jumla volti 144. Inapozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu dogo kando ya kiti. Abiria wengi hawajui tundu hilo ni la nini, kwa hivyo wanaliwekea mkoba. Ongeza vumbi la barabara zetu za ndani, lile linalobadilisha rangi ya viatu kabla hujafika steji, na chujio la feni linaziba. Betri inapata joto. Joto ndilo linaloichosha.

Betri haifi siku moja. Inachoka kipande kimoja kimoja, na kwa kuwa vipande vimeshikana kwenye mstari mmoja, kimoja kikilegea vyote vinateseka. Taa inawaka kwenye dashibodi. Hapo una njia tatu. Unaweza kubadilisha betri nzima. Unaweza kutafuta fundi akuondolee kipande kilichokufa na kukuwekea kingine kilichotolewa kwenye betri nyingine kuukuu, na gari litatembea hadi kipande jirani nacho kichoke. Au unaweza kumlipa mtu mwenye mashine ndogo afute taa, uoshe gari, upige picha nzuri jioni jua likiwa chini, na uandike: "Gari safi sana, haina shida yoyote, mwenyewe anasafiri."

Hiyo njia ya tatu kila mtu anakubali ni wizi. Haihitaji falsafa. Swali gumu liko kwenye ule ushauri wa upole: uza kabla taa haijawaka. Hujafuta chochote. Hujadanganya. Mnunuzi amekuja na fundi wake, amezunguka gari, amepiga teke tairi. Wewe umenyamaza tu. Je, kunyamaza ni kosa?

Watu wamebishana juu ya hili kabla gari halijabuniwa. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika kitabu kuhusu wajibu, na ndani yake akaweka kisa cha mfanyabiashara anayefika kisiwa cha Rhodes na meli ya nafaka wakati kuna njaa. Anajua meli nyingine ziko njiani. Watu wa Rhodes hawajui. Awaambie, bei ishuke, au auze kimya? Kuna mfano mwingine pale, wa mtu anayeuza nyumba anayojua ina nyoka vyumbani. Cicero anawapanga wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji atimize sheria, asidanganye, na mengine ni juu ya mnunuzi. Kutosema si sawa na kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, anasema hapana: sisi ni watu wa jamii moja, na faida inayopatikana kwa sababu tu mwenzako hajui, si faida safi. Cicero anasimama na Antipater.

Waislamu wanaijua hoja hiyo kwa njia iliyo karibu zaidi na soko. Mtume alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la chakula lililokuwa kavu juu, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiweke kilicholowa juu, watu wakione. Ona kwamba muuzaji yule hakusema uongo. Mvua ilinyesha kweli. Kosa lake lilikuwa mpangilio wa lundo. Kuuza haibridi mwezi mmoja kabla taa haijawaka, ukijua, ni kupanga lundo.

Lakini nisijifanye hoja ya upande wa pili haina nguvu. Inayo. Rafiki yangu mmoja aliniwekea hivi: "Bro, bei ya soko tayari inajua. Kila mtu anajua haibridi ya miaka kumi ina betri ya miaka kumi. Ndiyo maana ni rahisi. Nikimpunguzia tena kwa sababu ya betri, namlipia mara mbili." Kisha akaongeza la pili, ambalo ni gumu zaidi: mimi mwenyewe sitaambiwa kitu nikinunua. Kwa nini niwe wa kwanza kubeba mzigo ambao wote walionitangulia wameupitisha mkono?

La kwanza lina kasoro ninayoweza kuionyesha. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko hili hili la magari yaliyotumika. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zuri na bovu, alisema, atalipa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zuri anaona bei hiyo inamwonea, anajiondoa. Wanaobaki ni wenye mabovu, na bei inashuka tena. Kwa hoja za aina hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Kwa maneno mengine, bei ya soko haijui hali ya betri yako. Inachojua ni kwamba wauzaji hunyamaza, na inamwadhibu kila mtu kwa hilo, hata aliyelitunza gari lake kama yai. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Katika soko la mbuzi kwenye gunia, kizuri hakijiuzi, kinakaa nyumbani.

La pili, kwamba nami sitaambiwa, linanifikirisha zaidi, kwa sababu mlolongo ni mrefu kuliko Kenya. Kule Japani gari binafsi hukaguliwa na serikali likiwa na miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi ni ghali. Ni sababu mojawapo ya Mjapani kuona ni heri aliachie gari likiwa bado zima. Analiachia nani? Sisi. Tunalalamika kwamba Afrika imegeuzwa jalala la vitu vilivyochoka, na ndiyo maana tukaweka ule mpaka wa miaka 8: taifa zima lilimwambia muuzaji, usitupitishie mzigo wako. Kisha gari likishavuka mpaka, tunafanyiana wenyewe kile kile. Logbuku inaandika rangi, namba ya injini na jina la mwenye gari. Betri haina ukurasa wake.

Na fikiria anayengoja mwisho wa mlolongo. Mnunuzi wa kwanza hapa nchini huwa na mkopo wa benki au sacco. Wa pili ana akiba. Wa tatu au wa nne ni mtu aliyeuza ng'ombe, au dereva anayetaka kuanza kazi ya teksi ya programu, aliyechagua haibridi kwa sababu ile ile iliyonivuta mimi: haili mafuta. Faida ya mafuta imekunywewa na watatu wa kwanza. Bili ya betri inamkuta yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote, na siku hiyo anapoteza gari na kazi kwa pamoja. Hakuna aliyemwibia. Kila mmoja alinyamaza kidogo tu.

Hapo ndipo nilipofikia, na ni jambo la daftari kuliko la mahubiri. Naona kosa linaanzia kwenye hesabu, kabla hata ya kuuza. Zile shilingi 7,920 ninazookoa kila mwezi si zangu zote. Sehemu yake ni uchakavu wa betri ambao bado haujaletewa risiti. Nikizila zote, nimekopa kwa mtu ambaye sijakutana naye. Nusu yake ni 3,960. Kwa miaka mitatu hiyo ni 142,560. Nikiweka pesa hizo kando, taa ikiwaka mkononi mwangu nitakuwa na la kusema na fundi. Isipowaka, ninaweza kuuza kwa bei ya chini nikiwa na sababu mkononi, bila kuona nimeumia: nimpe mnunuzi vipimo vya betri, nimwonyeshe tundu la feni na chujio, nimwambie nilichobadilisha na lini.

Rafiki yangu anasema hiyo ni anasa ya mtu asiyejua shida, na kwamba mnunuzi akisikia neno "betri" atakimbilia jirani aliyenyamaza. Inawezekana. Wengine watakimbia. Lakini haibridi isiyoweza kulipiwa betri yake kwa mafuta inayookoa haikuwa rahisi tangu mwanzo. Tulikuwa tu hatujaamua nani alipe. Na kama baada ya kutoa ile nusu bado siwezi kulimudu gari, basi jibu la uaminifu ni gari la petroli la kawaida, au matatu ya Murera kwa mwaka mwingine mmoja.

Jumamosi naenda kuona Aqua moja yadini. Nitauliza inakula mafuta aje, kama kila mtu. Kisha nitaomba waniinulie kiti cha nyuma.