Ruhusa ya Mtu Asahauye

Mwaka 1953, katika mji wa Hartford nchini Marekani, kijana mmoja wa miaka 27 alilazwa juu ya meza ya upasuaji. Jina lake Henry Molaison. Tangu utoto wake alikuwa akishikwa na kifafa, na kadiri alivyokua ndivyo kilivyozidi kumwandama, hata akashindwa kufanya kazi. Dawa hazikumfaa tena. Wasomaji walio na mtoto wa namna hiyo nyumbani hawana haja ya kuelezwa: wajua kukesha, wajua hofu ya moto wa jikoni na ya maji ya kisimani, wajua jinsi majirani warudivyo nyuma mtoto aangukapo. Mgonjwa wa hali hiyo, na wazazi wake pamoja naye, watakubali karibu neno lolote.

Basi daktari William Scoville akatoboa fuvu juu ya macho, akaondoa sehemu za ndani za ubongo, upande wa kuume na wa kushoto, pamoja na sehemu kubwa ya ile iitwayo hipokampasi, ambayo kazi yake haikujulikana vema siku zile. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku ile Henry hakuweza kuweka moyoni habari yoyote mpya. Utoto wake aliukumbuka. Alizungumza kwa adabu, alipenda mzaha, wala hakupungukiwa akili ya kufikiri. Ila mtu aliyemwamkia, akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, alikuwa mgeni kwake.

Tusimhukumu daktari kwa haraka. Alitaka kuponya. Mwaka 1957, pamoja na mtaalamu Brenda Milner wa Montreal, alitoa taarifa iliyokiri wazi kwamba upasuaji ule ulikuwa wa kujaribia, akawaonya wapasuaji wengine wasiurudie. Si wataalamu wote wenye ushujaa wa kutangaza kosa lao.

Neno linalotusumbua ni lile lililofuata. Kwa muda wa miaka hamsini hivi Henry alipimwa na wataalamu, kwanza Milner, kisha Suzanne Corkin na wenziwe. Na faida ilikuwa kubwa, hilo twalikiri. Milner alimpa kazi ya kufuatisha kwa kalamu umbo la nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo tu. Ni kazi ngumu. Ajaribuye atakiona kioo kikimpotosha. Siku kwa siku Henry aliifanya vizuri zaidi, na kila siku alidhani hajapata kuifanya. Mkono ulikuwa umejifunza jambo ambalo mwenyewe hakulijua! Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kumbukumbu si kitu kimoja, bali zipo za namna mbalimbali, kila moja na mahali pake katika ubongo. Vitabu vya elimu hiyo viliandikwa upya kwa ajili ya mtu mmoja, ambaye ulimwengu ulimjua kwa herufi mbili tu, H.M., mpaka alipofariki mwaka 2008 akiwa na miaka 82.

Lakini je, yeye alikubali? Kanuni za Nuremberg, zilizotolewa mwaka 1947 baada ya kuhukumiwa madaktari wa Kinazi, zaweka mbele ya yote ridhaa ya hiari ya yule anayefanyiwa majaribio. Na mtu aridhie vipi jambo ambalo muda mfupi baadaye hatajua kwamba aliliridhia? Akitia sahihi saa tatu, saa nne karatasi ile kwake ni ya mtu mwingine. Mahakama ilimwekea msimamizi mwaka 1992 tu, yaani miaka 39 baada ya upasuaji.

Wako wasemao: hakuumizwa, na hata kama aliumizwa, alisahau. Hoja hii ni mbovu. Amwibiaye mtu aliyelala ni mwizi, ajapokuwa mwenye mali haamki. Haki ya mtu haikai katika kumbukumbu zake. Inakaa katika nafsi yake, na nafsi ya Henry haikukatwa Hartford.

Wengine husema: mmoja amesumbuliwa kidogo, maelfu wamefaidiwa. Hoja hii ina nguvu zaidi, na ilikwisha kujibiwa kabla Henry hajapasuliwa. Mwezi wa Septemba 1952 wataalamu wa magonjwa ya mishipa ya fahamu walikutana Roma, na Papa Pio XII akawahutubia juu ya mipaka ya utafiti. Aliwaambia kwamba elimu ni kitu chema, ila si chema kipitacho vyote. Mkono, alieleza, ni kiungo cha mwili, hauna maisha yake wenyewe, hivyo waweza kukatwa ili mwili upone. Mtu si kiungo cha jamii kwa namna hiyo. Jamii ipo kwa ajili yake, wala haina mamlaka ya kumtumia kama mkono.

Je, basi wangalimwacha? Sisi hatudhani hivyo. Mara nyingi Henry alisema mwenyewe kwamba atafurahi kama yale wanayojifunza kwake yatawasaidia wengine. Kumkatalia neno hilo kungekuwa dharau ya namna ya pili. Mtu asahauye anayo bado dakika yake, na katika dakika hiyo anafahamu, anataka au hataki. Aulizwe basi katika dakika hiyo, na katika ile ifuatayo, hata mara mia. Akichoka, kazi ikome. Na awepo mtu wa kumtetea asiyetafuta chochote katika vipimo vile.

Kuna wataalamu watakaosema kwamba huko ni kupoteza wakati. Huenda hata nyumbani tunasema hivyo. Wangapi wetu wanaye mama mzee aliyepotewa na kumbukumbu, naye huvuliwa nguo, hulishwa na kuzungumzwa habari zake mbele yake kana kwamba ametoka?

Hivi karibuni tulimtembelea mzee mmoja wa namna hiyo. Binti yake anamwosha kila siku, na kila siku humtajia jina lake mwenyewe, kwa kuwa baba halijui tena, kisha humwomba ruhusa. Siku ile mzee alikataa. Binti akaweka beseni chini, akaketi kando yake. Baada ya robo saa akamtajia jina lake tena, akamwomba.